Toa Pete Kwanza, Ndipo Uhukumu Siga

Kuna watu wawili ambao maoni yao kuhusu siga siyataki tena. Wa kwanza ni yule anayevuta siga yenye jina la mchezaji mstaafu, anafumba macho kama yuko kanisani, kisha anasema, "Hapa unaskia ubingwa." Wa pili ni yule ambaye hata hajaiwasha. Ameona tu jina kwenye pete, akatoa hukumu: "Hii ni takataka ya mashabiki." Wanabishana usiku kucha, na hawajui kwamba wako upande mmoja. Wote wawili wamehukumu kipande cha karatasi. Jani lenyewe bado halijaitwa kizimbani.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Nikisema siga simaanishi ile sigara unayonunua moja moja kwa kiosk na kuiwasha kwa laita iliyofungwa kamba dirishani. Namaanisha ile nene, ya jani tupu kuanzia ndani hadi nje, isiyo na kichungi, inayovutwa polepole kwa saa nzima huku moshi ukiishia mdomoni. Karatasi pekee iliyopo ni ile pete ndogo ya rangi rangi iliyozungushwa karibu na unapoweka mdomo. Siku hizi kwenye pete hiyo unaweza kukuta jina la mtu uliyemzoea kwa runinga, akitoka jasho.

Michezo na siga zimejuana kitambo. Red Auerbach, kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya Boston Celtics, alikuwa akiwasha siga palepale kwenye benchi akiona mechi imeshaisha kwa upande wake, hata kama saa bado inahesabu. Michael Jordan mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa akivuta moja kabla ya mechi za nyumbani. Halafu ikaja 2020. Tumefungiwa kejani na korona, The Last Dance inacheza kwa kila laptopu ya mtaa, na Jordan yuko pale na siga mkononi. Tangu hapo ni nadra kuona sherehe ya kufuzu isiyo na msee mmoja kwenye picha ameshika siga kama maikrofoni, haijawashwa, na haitawashwa, kwa sababu ni ya kukodisha picha tu.

Kutoka kuvuta hadi kuuza ni hatua fupi. Luis Tiant, mrushaji wa besiboli aliyezaliwa Marianao, Havana, mwaka 1940, alijulikana kwa kuvuta siga hata akiwa kwa maji baada ya mechi. Alipostaafu, lakabu yake ikawa lebo: El Tiante. Mike Ditka, aliyechezea na baadaye kuifundisha Chicago Bears, jina lake liliwekwa kwenye siga za Camacho. David Ortiz, Mdominika aliyeshinda mataji matatu na Boston Red Sox, 2004, 2007 na 2013, alistaafu 2016, na lakabu yake ya Big Papi iko kwenye siga zinazotoka kwa kiwanda cha El Artista, Tamboril, karibu na mji wa Santiago katika Jamhuri ya Dominika.

Hapo ndipo neno moja linaanza kunikera: "ametengeneza". Ati mchezaji fulani ametengeneza siga. Buda, hakuna aliyestaafu besiboli Jumapili akaamka Jumatatu akitengeneza siga.

Hebu tuhesabu kazi. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi, kwa hivyo inaanzia kitaluni na kuhamishiwa shambani kwa mkono. Majani huchumwa kwa awamu, ya chini kwanza, ya juu mwisho, kwa sababu jani la juu limekaa na jua muda mrefu na ndilo lenye nguvu. Huning'inizwa ghalani kwa wiki kadhaa mpaka kijani kiishe na kahawia iingie. Kisha hupangwa marundo makubwa na kuvundikwa. Rundo linapata joto lenyewe, kama nyasi mbichi ukiziacha kwa lundo, na mtu mwenye uzoefu lazima ajue ni lini pa kulifumua na kulipanga upya kabla halijaungua. Baada ya hapo jani linalala miezi, mara nyingine miaka. Linachambuliwa kwa rangi, kwa unene, kwa mishipa. Mshipa wa kati unatolewa. Na bado hakuna siga.

Siga inaanza mezani. Kuna majani ya ndani, ambayo ndiyo mwili. Kuna jani la kufungia, linaloushika mwili. Kuna jani la nje, laini na ghali kuliko yote, ambalo likiraruka siga imekufa. Katika viwanda vingi vya Jamhuri ya Dominika kazi hii hufanywa na watu wawili wanaokaa pamoja: mmoja anakusanya majani ya ndani na kuyafunga, mwingine anazungushia jani la nje na kumalizia kichwa. Mara nyingi huyu wa pili ni mwanamke. Yule wa kwanza akikaza sana, moshi haupiti na wewe utavuta mpaka mashavu yaume. Akilegeza, siga itaungua haraka na kuchoma ulimi. Kipimo kiko kwenye vidole.

Huyo ndiye aliyetengeneza. Jina lake haliko kwenye pete.

Nitakuambia kwa nini jambo hili linanigusa kuliko linavyopaswa kumgusa mtu anayevuta siga mara nne kwa mwaka. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda mshahara wa mamangu. Tangu hapo nakula kwa kalamu. Nusu ya kalamu hiyo hubeba jina langu, kama hapa. Nusu nyingine ni ile kazi ambayo vijana wengi wa mji huu mnaijua bila kuelezwa: insha za wanafunzi wa ng'ambo, usiku, kwa akaunti iliyokodishwa, mteja analipa kwa ukurasa, mwenye akaunti anakata chake. Nimeandika kuhusu uuguzi, kuhusu sheria ya ardhi ya nchi nisiyowahi kukanyaga, kuhusu falsafa. Kuna watu wamevaa joho kwa aya zangu. Mimi joho sina. Mmoja alinitumia maoni ya mhadhiri wake, kwamba insha ilikuwa na "sauti ya mtu anayejua anachokisema." Mhadhiri aliisifu sauti yangu na alama zikaenda kwa jina la mwingine.

Kwa hivyo ukinishikisha siga yenye jina la nyota na kuniambia "onja kazi yake," ninajiuliza mara moja ni nani alikesha.

Mwaka jana binamu yangu alirudi kutoka Marekani na pakiti mbili. Moja ilikuwa ya mchezaji mstaafu. Nyingine ilikuwa ya lebo isiyojulikana, bei yake haikufika hata nusu ya ile ya kwanza. Tulikuwa watatu juu ya paa la ghorofa Roysambu, nguo za majirani zikipepea kwa kamba, mimi na marafiki wawili wanaojiita wajuzi. Kabla hawajafika nilizitelezesha pete taratibu, nikazibadilisha. Pete ya bingwa ikaenda kwa siga ya bei rahisi. Pete ya bei rahisi ikaenda kwa siga ya bingwa.

Mnaona inakoelekea, lakini ngojeni. Rafiki wa kwanza, shabiki, alipewa siga ya bei rahisi yenye pete ya bingwa. Akavuta mara tatu, akasema, na namnukuu kwa sababu nilicheka moyoni mpaka machozi, "Hii unaskia nidhamu. Unaskia mtu wa mazoezi." Akatoa tisa kwa kumi. Nidhamu, jamani. Kwa jani. Rafiki wa pili, yule wa kudharau nyota, alipewa siga ya bingwa yenye pete isiyojulikana. Akaisifu pia. Akasema ndiyo maana yeye hununua lebo ndogo zisizopoteza doo kwa matangazo. Akatoa nane. Kisha nikawaambia ukweli, na kwa dakika kumi nilikuwa adui wa taifa.

Wao walitetea alama zao mpaka mbu wakatufukuza. Mimi siku ya pili nilivuta zote mbili peke yangu, bila pete, mchana, na maji baridi pembeni. Ile ya mchezaji ilianza na pilipili manga na harufu ya mwerezi, ile ya nguzo mpya ya ua. Katikati ikatulia, ikawa na ladha ya karanga za kukaangwa na kahawa isiyo na sukari. Mvuto ulikuwa mzuri, jivu lilikaa imara hadi sentimita mbili na zaidi. Kuelekea mwisho iliungua upande mmoja kama jahazi lililolala, nikalazimika kuirekebisha kwa laita mara mbili, na ukali ukapanda. Saba kwa kumi. Ile ya bei rahisi ilikuwa na mvuto mgumu na ladha moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini haikuwa na uchungu. Sita. Tofauti ya alama moja. Tofauti ya bei ilikuwa zaidi ya mara mbili, na hiyo nyongeza ilikuwa bei ya jina.

Mmeshajiuliza mchezaji ni nani. Nimelificha jina kwa makusudi, na hamu yako ya kulijua ndiyo hasa ninayoizungumzia. Una taarifa zote za ladha, mvuto, jivu, bei. Bado unahisi kuna kitu kimebaki. Kilichobaki ni pete.

Hata wanaoishi kwa kazi hii wanajua hatari hiyo. Jarida la Cigar Aficionado, lenye kutoa alama juu ya mia, huonjesha waamuzi wake siga ambazo pete zake zimeondolewa, ili wasijue wanavuta nini. Unaweza kubishana na alama zao, na kuna mengi ya kubishania, lakini kanuni ni sahihi. Kama watu wenye ndimi za miaka mingi hawajiamini mbele ya pete, wewe na mimi tuliojifunza juzi kwa video tunajiamini kwa msingi gani?

Kuna watakaosema namwonea mchezaji. Sawa, tumtendee haki. Kuna wachezaji wenye madai ya kweli kwa jani. Tiant alikwama nje ya Kuba mwaka 1961 na hakurudi kuiona mpaka 2007, miaka 46. Mtu wa namna hiyo akikuambia siga ina maana kwake, nyamaza umsikilize. Ortiz anatoka nchi ambayo tumbaku iko mashambani kama mahindi kwetu. Mvutaji wa miaka thelathini anaweza kuwa na ulimi mkali kuliko mwandishi yeyote wa Roysambu. Inawezekana kabisa kwamba mchezaji alikaa na mchanganyaji wa kiwanda, akakataa sampuli ya kwanza, ya pili, ya tano, akasema ongeza jani hili, punguza lile. Hiyo ni kazi. Iitwe kwa jina lake: amechagua. Yule aliyepanga mchanganyiko, amechanganya. Yule wa mezani, amesokota. Na kama mchezaji alipiga picha tu na kusaini karatasi, basi amekodisha jina, na hilo nalo ni biashara halali. Ninachokataa ni neno moja la "ametengeneza" kuzimeza kazi nne, kisha malipo na sifa zifuate neno.

Wanaodharau nao wasijifiche hapa. Kusema siga ni mbaya kwa sababu ina jina la mchezaji ni kumtukana yule mama wa Tamboril mara ya pili. Mara ya kwanza alifichwa nyuma ya jina. Sasa kazi yake inatupwa kwa sababu ya jina hilohilo. Vidole vyake havibadiliki kulingana na pete itakayovalishwa baadaye. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa siga za nyota na siga za lebo yake chini ya paa moja, kwa wasokotaji walewale.

Kuna jambo zito zaidi, na sitalipita kwa sababu eti linaharibu starehe. Pete ya mchezaji inauza kitu ambacho siga haina: mwili wake. Miaka ishirini tumemwona akikimbia, akiruka, akipigwa na kuinuka. Mwili huo ukisimama kando ya tumbaku, unanong'ona kwamba haikumdhuru. Lakini siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku inayokaribia pakiti nzima ya sigara, na kutomeza moshi hakuuokoi mdomo, koo wala umio na saratani. Siandiki haya ili uanze kuvuta. Kama huvuti, umeshashinda, na hakuna bingwa atakayekuongezea kitu.

Sisi Wakenya hasa tusijifanye mbinu hii ni ngeni. Kabla hatujazaliwa, kiosk za nchi hii zilikuwa zinauza sigara iitwayo Sportsman. Mwanamichezo! Mzee wa mtaa anaiita SM na wala hafikirii tena maana ya jina. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku matangazo ya tumbaku na udhamini wake, ule wa michezo ukiwemo. Sheria ilijua kwamba uwanja na tumbaku vikikaa pamoja, uwanja ndio unaofanya kazi ya kusafisha. Sasa mchezaji amestaafu, hadhaminiwi na yeyote, yeye mwenyewe ndiye lebo. Bango halihitajiki tena, kwa sababu jina lake ndilo bango, nasi tunalisambaza bure kwa simu zetu.

Na mikono isiyo na jina tunayo pia hapa. Nenda Migori, nenda Kuria, uwaulize wakulima wa tumbaku kuhusu asubuhi za umande. Jani bichi lililolowa hupitisha nikotini kwenye ngozi. Mchumaji anapata kizunguzungu na kutapika, na hajavuta chochote. Huyo ameonja tumbaku kuliko mjuzi yeyote aliye kwenye baa ya Westlands. Hakuna anayemwomba alama.

Kwa hivyo hili ndilo ombi langu kwa wasee mnaovuta na kuandika, mnaopiga picha na kutoa nyota tano. Toa pete kabla ya kuwasha. Itoe baada ya joto kulegeza gundi kama unaogopa kurarua jani, lakini usiandike neno lolote la ladha ukiwa unaitazama. Hukumu mvuto, namna inavyoungua, jivu, ladha ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Andika alama. Halafu rudisha pete na uulize maswali ambayo wauzaji hawayapendi: ilisokotwa wapi, na kiwanda gani? Nani alichanganya? Mchezaji alifanya nini hasa? Kama muuzaji anajua jina la mchezaji tu, basi anachokuuzia ni hilo jina, nawe ulipe ukijua hivyo.

Kama ukaguzi wako una aya tatu za mataji ya mchezaji na sentensi moja ya jani, hujaandika ukaguzi. Umeandika barua ya shabiki, na umemsaidia mtu kukusanya sifa za vidole visivyo vyake. Najua vizuri aya hizo zinavyoandikwa. Nimewahi kulipwa kwa ukurasa kuziandika.

Na tafadhali, usinitumie ujumbe kuniuliza ile ya paa ilikuwa ya mchezaji gani. Nilishakuambia yote ya kukusaidia: saba kwa kumi, inaungua upande mmoja mwishoni, na aliyeisokota alijua kukaza.